Kupima ugumu wa kondo la nyuma kwa altrasaundi katika ujauzito wenye afya

Mashine ya altrasaundi yenye elastografia, yaani uwezo wa kupima ugumu wa tishu, ni nadra kukataa kazi. Weka kisanduku cha kipimo juu ya kondo la nyuma, juu ya misuli ya mfuko wa uzazi, hata juu ya kivuli, na mara nyingi itakutolea namba yenye desimali mbili. Kupata namba si kazi. Kazi ni kujua ipi ya kuandika na ipi ya kutupa, na ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Tunawaandikia sonografa, madaktari wa uzazi na wanafunzi wa radiolojia wanaotaka kukusanya vipimo vya wajawazito wasio na tatizo. Kipimo hiki si sehemu ya kliniki ya kawaida ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki 24, kwa ajili ya kukadiria umri wa mimba, kuona mapacha na kasoro za mtoto. Ugumu wa kondo haumo. Kwa sasa hiki ni kipimo cha utafiti, na mama anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajapanda kitandani.

Kinachopimwa hasa

Kondo lenye afya ni laini, limejaa damu ya mama inayozunguka vijimatawi vya upande wa mtoto. Mishipa ya mama inayolilisha isipopanuka vizuri katika nusu ya kwanza ya ujauzito, damu hupungua, sehemu za kondo hufa, na utando mgumu wa fibrini hujijenga kati ya vijimatawi. Ndiyo sababu makondo ya wajawazito wenye priklampsia, yaani shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba, na ya watoto waliodumaa tumboni yameonekana kuwa magumu zaidi katika tafiti nyingi. Lakini huwezi kusema kondo ni gumu kama hujui lile la mama mzima linasomaje kwenye mashine yako, mikononi mwako. Hapo ndipo vipimo vya wajawazito wenye afya vinapohitajika.

Njia inayofaa ni elastografia ya mawimbi ya mkingamo. Proba, kile kichwa cha mashine kinachowekwa tumboni, hutuma pigo la sauti lililo refu kuliko mapigo ya kawaida ya picha: mamia ya maikrosekunde badala ya moja au mbili. Pigo hilo husukuma tishu kwa maikromita chache tu. Tishu ikirudi mahali pake huzaa mawimbi yanayokwenda pembeni, na mashine huyafuatilia kwa picha za kasi sana. Kadiri tishu ilivyo ngumu, ndivyo mawimbi yanavyokimbia.

Mashine huonyesha ama kasi kwa mita kwa sekunde, ama ugumu kwa kilopaskali. Ukichukulia kwamba tishu ina uzito wa kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, ugumu ni 3 mara kasi mara kasi. Kasi ya 1 m/s ni 3 kPa, 1.5 m/s ni 6.75 kPa, 2 m/s ni 12 kPa. Soma kitabu cha mashine kwa makini, kwa sababu baadhi ya mashine zinaweza kuripoti moduli nyingine, yaani kipimo kingine cha ugumu, ambayo haizidishwi kwa 3. Ukichanganya aina hizo mbili, jedwali lako lote litakuwa na kosa la mara tatu.

Elastografia ya kubonyeza kwa mkono iache. Inalinganisha tishu moja na jirani yake bila kutoa namba halisi, na kondo liko mbali mno na mkono wako kubonyezeka sawasawa.

Usalama kwanza

Pigo la kusukuma lina nishati zaidi ya picha ya kawaida, na watengenezaji wengi hawajaidhinisha elastografia kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo usianze bila kibali cha kamati ya maadili. Tanzania utapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba; Kenya utahitaji kamati iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Idhini ya mama iwe ya maandishi, kwa lugha anayoisoma.

Sheria tunayoishika bila mjadala: pigo lisimpitie mtoto. Kama mtoto yuko kati ya proba na kondo, hakuna kipimo. Wengi huishia hapo, lakini pigo halisimami kwenye kondo, linaendelea mbele. Hata kondo likiwa kwenye ukuta wa mbele wa mfuko wa uzazi, tafuta pembe ambayo nyuma yake kuna maji ya uzazi matupu. Kichwa na uti wa mgongo ndivyo vya kuepuka zaidi, maana mfupa hufyonza sauti na kupata joto.

Kwenye skrini, weka faharasa ya joto ya mfupa (TIb) baada ya wiki 10 za ujauzito. Mwongozo wa BMUS, chama cha altrasaundi cha Uingereza, kwa wajawazito hauweki kikomo cha muda kwa TI isiyozidi 0.7, kuanzia 0.7 hadi 1.0 ni dakika 60, hadi 1.5 ni dakika 30, hadi 2.0 ni dakika 15, hadi 2.5 ni dakika 4, hadi 3.0 ni dakika 1, na zaidi ya hapo haishauriwi kabisa. Kikomo cha Marekani cha faharasa ya mitambo (MI) ni 1.9. Andika namba zote mbili kwa kila mama. Mama mwenye homa aahirishwe mpaka joto lake lishuke.

Njia rahisi ya kupunguza nishati ni nidhamu ya kidole. Tafuta mahali, rekebisha picha, subiri mtoto atulie, yote kwa picha ya kawaida. Elastografia iwashwe dakika ya mwisho, na picha igandishwe mara tu rangi inapotulia. Sonografa anayezunguka tumboni akitafuta kondo huku kisanduku cha rangi kinawaka anammiminia mama na mtoto mapigo yasiyo na faida yoyote.

Wiki gani, na mama alale vipi

Unene wa kondo kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki za ujauzito. Wiki ya 14 utapata kama sentimita moja na nusu, na ukiacha nafasi juu na chini hutabaki na pa kupimia. Wiki ya 18 hadi 24 ni wakati mzuri: kondo ni nene vya kutosha, bado halijajaa chokaa, na mama yuko pale tayari kwa picha ya kukagua viungo vya mtoto. Baada ya wiki 34 mambo huharibika kidogo, maana mfuko wa uzazi hukazakaza mara kwa mara, mtoto hujaza nafasi, na vidimbwi vya damu huongezeka ndani ya kondo.

Umri wa mimba uwe umethibitishwa kwa picha ya mapema, si kwa kumbukumbu ya hedhi peke yake.

Mama aende haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hubana sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi na kukuonyesha ugumu usiokuwepo. Baada ya wiki 20 asilale chali kabisa: mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, shinikizo la damu ndani ya kondo hubadilika, na mama mwenyewe huanza kusikia kizunguzungu. Mwinamishe upande wa kushoto kama digrii 15. Khanga mbili zilizokunjwa chini ya nyonga ya kulia zinatosha. Akilala hivyo dakika 5 hadi 10 kabla ya kipimo cha kwanza, tumbo linatulia, na wewe unapata nafasi ya kufanya picha ya kawaida. Mkao uliouchagua uwe uleule kwa wote, kwani mkao ukibadilika utashindwa kujua tofauti imetoka wapi.

Mweleze kwa maneno machache: “Mama, hiki kipimo ni cha utafiti, hakitabadilisha matibabu yako leo. Nikikuambia shikilia pumzi, shikilia sekunde tatu nne tu, usivute kwa nguvu.” Hilo la mwisho lina maana yake. Mama akivuta pumzi kubwa, kondo husogea sentimita nzima na kisanduku hubaki juu ya kitu kingine.

Kutafuta dirisha

Tumia proba ya mviringo ya megahezi 1 hadi 6. Anza na picha ya kawaida: kondo liko wapi, unene wake pale kamba ya kitovu inapojishika, umbali kutoka ngozini hadi katikati ya kondo. Halafu washa Doppler ya rangi, inayoonyesha damu inayotembea. Unatafuta vidimbwi vya damu na mishipa mikubwa ya upande wa mtoto, kwa sababu mawimbi ya mkingamo hayapiti kwenye maji wala damu iliyosimama. Sehemu inayoonekana nyeusi nyeusi ndani ya kondo, hata kama ni ndogo, ikae nje ya kipimo.

Kondo lililoshika ukuta wa mbele wa mfuko wa uzazi ndilo rahisi. La pembeni linawezekana kama utamgeuza mama upande na kuingia kutoka ubavuni. Lililoshika ukuta wa nyuma mara nyingi halipimiki, kwa sababu mbili kwa pamoja: mtoto yuko njiani, na kina ni kirefu. Vipimo vya nukta moja, yaani vinavyosoma sehemu moja ndogo bila kuchora ramani ya rangi, kwenye mashine nyingi hukomea karibu sentimita 8, na nguvu ya pigo hupungua muda mrefu kabla ya hapo. Sisi huridhika na katikati ya kondo iliyo kati ya sentimita 2 na 5 kutoka kwenye proba. Ikipita 6 tunaanza kuitilia shaka. Ikiwa karibu mno, chini ya sentimita moja na nusu, mwangwi wa ukuta wa tumbo huchafua kipimo.

Akina mama wenye makondo ya ukuta wa nyuma wasifutwe kimyakimya kwenye orodha. Waandike kama “haikupimika” pamoja na sababu, la sivyo matokeo yako yatakuwa ya makondo ya mbele peke yake huku msomaji akidhani ni ya wote.

Kupima

Badili mipangilio ya kiwandani. Elastografia nyingi hufunguka zikiwa zimepangwa kwa ini, na rangi ikienda hadi 40 kPa. Kwa kipimo hicho kondo lote litakuwa buluu tupu na hutaona chochote. Shusha kiwango cha juu hadi 20 kPa, au 2.5 m/s. Kibaki hapo kwa kila mama.

Mimina jeli ya kutosha, kisha ilaze proba bila kuibonyeza. Kubonyeza ndio ugonjwa mkubwa wa kipimo hiki. Tishu iliyobanwa husoma gumu kuliko ilivyo, na mkono uliozoea kubonyeza ili picha ya mtoto itoke safi hauoni kwamba unabonyeza. Kuna njia ya kujikagua: tazama tabaka la jeli kati ya proba na ngozi. Likiwa limepotea katikati, unabonyeza. Ukilegeza mkono na ukaona unene wa kondo umeongezeka kwenye skrini, ulikuwa unabonyeza sana.

Proba iwe wima dhidi ya kondo, ili mistari ya upande wa mama na wa mtoto ionekane mlalo kwenye skrini. Weka kisanduku katikati ya sehemu nene. Acha angalau milimita 5 kutoka kila upande, na sentimita 2 hivi kutoka pale kitovu kinapojishika. Kwa elastografia ya ramani, kisanduku cha sentimita 2 kwa 1.5 kinatosha, kikubwa zaidi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde na kualika kelele. Kwa ya nukta moja, ukubwa umeshapangwa na mashine, kilichobaki ni kuchagua mahali.

Subiri mtoto atulie. Mwambie mama ashikilie pumzi mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida. Washa. Rangi za mwanzo huwa zinarukaruka. Kwa mashine za ramani ngoja sekunde 3 hadi 4 zitulie, gandisha, kisha weka duara la kipimo la milimita 8 hadi 10 ndani ya eneo lenye rangi moja. Mwache apumue mara kadhaa kabla ya kurudia. Chukua vipimo 10 halali kwa njia ya nukta moja, au 5 kwa ramani, kila kimoja kwa kugandisha upya. Kuchora maduara matano juu ya picha moja iliyogandishwa kunahesabika kama kipimo kimoja.

Namba za kutupa

Tazama picha kabla ya kutazama namba. Ramani nzuri ya kondo lenye afya ni buluu karibu yote, bila matundu. Ukiona mkanda wa kijani au mwekundu kwenye ukingo wa upande wa mama, kisanduku kimeingia kwenye misuli ya mfuko wa uzazi, ambayo ni migumu kuliko kondo. Punguza kisanduku au kisogeze. Mistari ya wima ya rangi inayoanzia juu hadi chini ni kelele ya kusogea kwa mkono au mtoto. Matundu yasiyo na rangi ni damu au kina kilichoshinda pigo.

Mashine zenye alama ya ubora zikusaidie: kwenye zile zinazotoa faharasa ya utulivu, kataa iliyo chini ya 90%, kwenye zile zinazoonyesha mistari ya mwendo wa mawimbi, mistari iwe sambamba na yenye nafasi sawa. Mistari iliyopinda au kukatika ina maana mawimbi hayakwenda kama hesabu ya mashine inavyodhani.

Kuna kosa moja linalopita majaribio yote haya, nalo ni kukaza kwa mfuko wa uzazi. Picha inakuwa safi, alama ya ubora iko juu, na namba imepanda ghafla mara mbili. Mama mara nyingi hasikii chochote. Angalia ukuta ulio nyuma ya kondo: ukiwa umevimba kuwa mnene kuliko dakika chache zilizopita, au kondo limejikunja, ondoa proba, ngoja dakika 10, anza upya. Vipimo vya kabla na baada ya kukaza visichanganywe katika kundi moja.

Kuhusu chokaa, nukta nyeupe chache haziharibu kitu ukizikwepa. Zikiwa nyingi kiasi kwamba huna pa kuweka duara, andika daraja la kondo na uache kipimo.

Hesabu

Tumia namba ya kati, si wastani. Tuseme umepata vipimo hivi kwa mita kwa sekunde, ukishavipanga: 0.91, 0.94, 0.97, 0.98, 1.00, 1.02, 1.05, 1.08, 1.10, 1.44. Namba ya kati ni 1.01. Wastani ni 1.05, umevutwa juu na ile 1.44 peke yake. Robo ya kwanza inaangukia 0.97 na ya tatu 1.08, tofauti yake, 0.11, ukigawa kwa 1.01 unapata mtawanyiko wa asilimia 11.

Kikomo kinachotumika kwenye ini ni asilimia 15 kwa vipimo vya kasi na asilimia 30 kwa vya kilopaskali, na watafiti wa kondo wanaweza kukiazima. Viwango ni viwili kwa sababu kilopaskali hutokana na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, hivyo mtawanyiko karibu huongezeka mara mbili. Vipimo vyetu vilevile kwa kilopaskali vina namba ya kati ya takriban 3.06 na mtawanyiko wa asilimia 22. Vinapita pia. Mtawanyiko ukizidi kikomo, rudia seti nzima. Usichomoe namba usiyoipenda.

Makondo mengi yenye afya husoma karibu na 1 m/s, lakini kuna ripoti za wajawazito wenye afya kabisa zenye 6 au 7 kPa kwa mashine nyingine. Hazipingani lazima. Kondo limejaa damu, na kasi ya mawimbi ndani yake hubadilika kulingana na masafa ya mawimbi yenyewe, ambayo kila mtengenezaji anayapanga kivyake. Kwa hiyo usiazime kiwango cha mashine ya Siemens ukakitumia kwenye Canon au Philips, na ukibadilisha proba katikati ya utafiti, waanze akina mama wapya kama kundi jipya. Pima fantomu, yaani tishu bandia, ya ugumu unaojulikana kila mwezi, na kila mara mashine inapotoka kwa fundi.

Kuhusu umri wa mimba, tafiti nyingi hazijaona ugumu wa kondo lenye afya ukipanda kwa kasi ya maana kadiri wiki zinavyokwenda. Kama data yako inaonyesha mpando mkali baada ya wiki 30, kagua kwanza kina na kukaza kwa mfuko wa uzazi.

Daftari

Kwa kila mama andika: wiki na siku za mimba, uzito na urefu, mahali kondo lilipo, unene, umbali kutoka ngozini, mkao, mashine na proba, kizio, vipimo vyote halali, idadi ya majaribio yaliyotupwa na sababu, TI na MI, muda elastografia ilipokuwa inawaka, na jina la mpimaji. Sehemu ya akina mama, tuseme mmoja kati ya watano, wapimwe tena na mtu wa pili asiyeona namba za wa kwanza. Skrini ifunikwe au namba zizimwe, maana mtu akishaona 1.0 hutafuta 1.0.

Fuatilia pia ujauzito ulivyoisha. Mama aliyeandikishwa mwenye afya wiki ya 20 anaweza kupata priklampsia wiki ya 35, na hapo vipimo vyake havifai kubaki kwenye kundi la rejea. Mtoe, ukiandika wiki aliyogundulika.

Kwenye cheti cha mama usiandike “kondo gumu” wala “kondo laini”. Weka matokeo ya picha ya kawaida na Doppler kama kawaida, na elastografia ibaki kwenye faili la utafiti. Ukikutana na namba ya juu ajabu kwa mama asiye na dalili, kwanza irudie siku nyingine. Ikibaki juu, mpe daktari wake taarifa pamoja na shinikizo la damu, protini kwenye mkojo, ukuaji wa mtoto na Doppler ya mishipa ya mfuko wa uzazi, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye matibabu yanayojulikana.